Kemikali za Kinga za Gegereka wa Maji Baridi

Gegereka ni wanyama wasio na uti wa mgongo, wenye gamba gumu, miguu ya pingilipingili na jozi mbili za papasi. Kaa, kamba na uduvi wote ni wa kundi hili. Katika eneo la Masasi na Newala, kusini mwa Tanzania, gegereka wa maji baridi hufuata mabonde. Juu ya uwanda wa Makonde mvua huzama ardhini, na mito ya kudumu haipo. Makazi yao yako chini, kwenye Mto Lukuledi unaopita Nanganga kuelekea Lindi, na kusini katika Ruvuma. Kaa wa mito ya Afrika Mashariki wengi ni wa jenasi Potamonautes, ambao mayai yao huangua vikaa kamili, si viluwiluwi.

Gegereka hawatengenezi kingamwili. Vijidudu vikipenya gamba, hukabiliwa na seli za hemolimfu, yaani damu yao, na kemikali zinazotolewa na seli hizo. Nyingi ni peptidi, minyororo mifupi ya asidi amino.

Peptidi hizo hugawanywa kwa asili yake. Aina ya kwanza hutengenezwa mahsusi kwa ulinzi. Mfano ni krustini, zenye sisteini nyingi. Ya kwanza ilielezwa mwaka 1999 kutoka kwa kaa wa pwani za Ulaya, kisha nyingine zikapatikana kwa gegereka wa maji baridi. Aina ya pili, ambayo ndiyo ya ajabu zaidi, hukatwa kutoka protini yenye kazi nyingine kabisa. Hemosianini, protini ya shaba inayosafirisha oksijeni, ikikatwa mwishoni hutoa astasidini 1, yenye asidi amino 16. Hiyo ilielezwa mwaka 2003 kutoka kwa Pacifastacus leniusculus, mnyama wa mito ya Amerika Kaskazini mwenye magando makubwa. Jamaa yake, Procambarus clarkii, alipandikizwa Ziwa Naivasha, Kenya, mwaka 1970.

Peptidi nyingi za namna hii zina chaji chanya. Hunasa kwenye utando wa bakteria wenye chaji hasi na kuutoboa, na kwa sababu hiyo huchunguzwa kama silaha dhidi ya bakteria sugu.

Kitosani isichanganywe nazo. Si peptidi wala si kinga ya mnyama, bali hupatikana kwa kuchemsha kitini ya gamba katika magadi makali. Hata hivyo imetangulia kufika hospitalini, katika bandeji za kuzuia damu.

Peptidi zenyewe bado ni mali ya maabara. Kuziunda ni ghali, baadhi hupasua chembe nyekundu za damu, na zikimezwa humeng'enywa kama nyama yoyote; supu ya kaa, kwa hiyo, ni chakula tu. Njia inayotazamiwa zaidi ni dawa ya kupaka kwenye vidonda.