Ngozi ya muundi yaweza kufichua maradhi ya tezi ya koo

Si kila mguu uliovimba una matende, wala si kila uvimbe huashiria udhaifu wa moyo. Wapo wagonjwa ambao ngozi ya miundi yao huwa nene na ngumu kutokana na hitilafu iliyo mbali na mguu, yaani katika tezi ya thairoidi iliyo shingoni.

Hali hii huwapata hasa wenye maradhi ya Graves, yaliyopewa jina la daktari wa Ireland, Robert Graves, aliyeyaeleza mwaka 1835. Kingamwili huichochea tezi kutoa homoni kupita kiasi, moyo ukaenda mbio, mikono ikatetemeka na mgonjwa akakonda ilhali anakula vyema. Kwa wachache, ute unaofyonza maji hujaa pia chini ya ngozi.

Daktari huanza kwa kutazama na kugusa. Hukuta mabaka yaliyoinuka, yenye vitundu vilivyopanuka mithili ya ganda la chungwa. Aghalabu hayaumi. Akiyabonyeza kwa kidole, shimo halibaki, tofauti na uvimbe wa maji unaoletwa na moyo au figo. Kisha humtazama mgonjwa usoni, kwani karibu wote wenye mabaka haya huwa na maradhi ya macho pia, yakiwemo macho kutokeza. Anayechunguza mguu pekee ni rahisi kupotoka.

Katika Pwani ya Kenya, ambako mbu hueneza matende, kosa hilo ni jepesi zaidi, kwa kuwa ngozi iliyoathiriwa mno na maradhi ya tezi hufanana na ya tembo. Hata hivyo, matende mara nyingi hulemea mguu mmoja kuliko mwingine, ilhali mabaka haya kwa kawaida hutokea miguu yote miwili.

Vipimo vya damu navyo vina mtego wake. Mabaka huweza kuzuka baada ya tezi kutibiwa, wakati homoni zimekwisha kurudi sawa. Hivyo basi, kiwango kizuri cha homoni hakiondoi shaka. Hupimwa pia kingamwili zenyewe, na mgonjwa hana budi kutaja matibabu yoyote ya tezi aliyopata, hata yawe ya miaka iliyopita.

Kukata kipande cha ngozi ili kipimwe huachiwa kesi zenye utata, maana kidonda cha hapo huweza kuchelewa kupona.

Ugonjwa ukithibitishwa, wengi wenye mabaka madogo hawahitaji dawa ya ngozi. Wengine hupakwa marhamu ya steroidi na kufungwa bendeji, na wavutao sigara huagizwa waache.