Chura wa Kihansi na Umeme wa Gerezani

Mchana wa Gerezani ni mlio wa umeme: mashine za kuchomelea vyuma, misumeno, majokofu ya wauza soda. Umeme ukikatika, fundi hukaa kibarazani na riziki ya siku hiyo imekwenda. Mimi mkazi wa hapa, mwanafunzi wa uzamili wa historia, siwezi kuisoma habari ya Kihansi nikiwa upande wa chura peke yake.

Mwaka 1996, bwawa likijengwa kwenye Mto Kihansi, katika milima ya Udzungwa, watafiti walimkuta chura wa manjano asiyezidi sentimita tatu, asiyetaga mayai bali huzaa. Makazi yake yote duniani yalikuwa vipande vichache vya ardhi chini ya maporomoko, vikiloweshwa na manyunyu usiku na mchana. Mitambo ya megawati 180 ilipoanza kazi, takriban asilimia 90 ya maji ilielekezwa kwenye mahandaki. Manyunyu yakakatika.

Mwishoni mwa 2000, vyura 499 walipelekwa Marekani, kwenye bustani za wanyama zikiwamo za Bronx na Toledo. Bondeni yalitandazwa mabomba ya kunyunyiza maji, lakini mwaka 2003 vyura waliobaki walipukutika ghafla, na ugonjwa wa ukungu wa ngozi ukagunduliwa miongoni mwao. Mwaka 2009 walitangazwa kuwa wametoweka porini.

Tangu hapo uhai wa jamii nzima ulitegemea tangi la kioo lenye mimea, na mlishaji. Mtoto wa chura huyu huzaliwa na urefu wa milimita tano hivi. Hawezi kumeza mdudu wa kawaida. Ilibidi wafuge chakula kabla ya kumfuga mlaji: vidudu vya udongoni vinavyoonekana kwa shida, nyenje wachanga, na nzi wa matunda, ndugu za wale tunaowapunga kwenye ndizi zilizoiva sana Kariakoo. Wadudu hupakwa unga wa vitamini na madini. Mwanga lazima uwe sahihi, maji yanyunyizwe kwa saa. Masharti hayo yalijifunzwa kwa gharama: kufikia mwisho wa 2004 walibaki chini ya 70 katika matangi yote.

Mwaka 2010 vyura 100 walirudi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mikononi mwa walishaji Watanzania. Mwaka 2012 baadhi walianza kurudishwa bondeni.

Fundi wa Gerezani hakuulizwa achague kati ya taa na chura, na sidhani ni haki kumlaumu. Lakini akinunua LUKU hulipa bei ya uniti na kodi na tozo zake tu. Kuna deni lingine lisilolipika kwa namba za LUKU: mto ulifanya kazi ya kumlea chura bila malipo, na tangu tuuhamishe, lazima mtu aamke kila siku amfugie nzi.