'Petty': Neno la mambo madogo lenye uzito mkubwa

NENO la Kiingereza 'petty' husikika kila siku ofisini, mahakamani na hata katika ugomvi wa nyumbani. Wengi hulitafsiri kwa kivumishi kimoja tu, yaani '-dogo'. Tafsiri hiyo si kosa, lakini haitoshi, kwa kuwa maana ya neno hili hubadilika kutegemea nomino inayoandamana nalo.

Asili yake ni neno la Kifaransa 'petit', lenye maana ya '-dogo'. Liliingia katika Kiingereza katika Zama za Kati, wakati Kifaransa kilikuwa na nguvu katika utawala na mahakama za Uingereza. Mwanzoni lilitaja ukubwa tu, bila dharau. Maana ya kitu duni kisichostahili kujaliwa ilizuka baadaye.

Maana hiyo kongwe ingalipo. Katika jeshi la wanamaji la Uingereza, 'petty officer' ni cheo kinacholingana na cha sajini katika jeshi la nchi kavu. Anayekitafsiri kuwa 'afisa duni' hupotosha maana na kumvunjia heshima mwenye cheo.

Ofisini, 'petty cash' ni pesa za matumizi madogo madogo kama vile sukari, stempu na nauli ya tarishi. Kiasi maalum hutengwa na kila matumizi huthibitishwa kwa risiti. Jumla ya risiti na pesa zilizosalia sharti ilingane na kiasi kilichotengwa. Hapa udogo ni wa matumizi, si wa uwajibikaji, na pesa hizo zikipotea mtunzaji hutakiwa kujieleza.

Neno hili linapomsifu binadamu, hubadilika kabisa na kuwa la kukashifu. Mtu aliye 'petty' ni yule anayeshikilia mambo yasiyo na maana, hasa kwa kinyongo. Kumwita 'mtu mdogo' hakufai, kwa maana msomaji atadhani umri wake ni mchache au cheo chake ni cha chini. Kiswahili kina njia bora zaidi: 'mtu wa vijisababu', au 'mwenye kuzozania upuuzi'.

Hata hivyo, ni katika sheria ambapo neno hili limebeba uzito mkubwa zaidi. Katika mfumo wa kale wa Uingereza, baraza la raia 12 lililoamua iwapo mshtakiwa ana hatia liliitwa 'petty jury'. Lilikuwa dogo kwa idadi tu, likilinganishwa na baraza kubwa lililoweza kuwa na watu 23. Baraza hilo kubwa lilipima tu kama kuna sababu ya kumshtaki mtu, ilhali lile dogo ndilo lililoshika uhai wake mkononi.

Hali kadhalika, wizi wa mali isiyozidi thamani ya peni 12 uliitwa 'petty larceny'. Wizi uliopita kiwango hicho ungeweza kumpeleka mtu kwenye kitanzi. Mara nyingi mabaraza ya raia yalishusha thamani ya mali kimakusudi ili kumwokoa mshtakiwa. Tofauti hiyo iliondolewa mwaka wa 1827.

Aidha, kulikuwa na kosa la 'petty treason', yaani usaliti mdogo, ambalo lilijumuisha mtumishi kumuua bwana wake au mke kumuua mumewe. Licha ya jina hilo, mwanamke aliyepatikana na hatia alihukumiwa kuchomwa moto hadi adhabu hiyo ilipofutwa mwaka wa 1790. Kosa lenyewe lilifutwa mwaka wa 1828.

Barani Afrika, 'petty offences' hutafsiriwa 'makosa madogo madogo'. Miongoni mwayo ni kuzurura, kuombaomba na kuchuuza bidhaa bila leseni. Kosa ni dogo katika maandishi, lakini mchuuzi anayekosa pesa za kulipa faini huweza kufungwa na kupoteza riziki yake.

Ni kwa sababu hiyo Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilipitisha, mwaka wa 2017, kanuni za kuzihimiza serikali ziache kuyachukulia makosa hayo kuwa jinai. Mnamo Desemba 2020, Mahakama ya Afrika jijini Arusha ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji zinakiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu.

Kwa hivyo, mfasiri anapokutana na neno 'petty' hana budi kujiuliza: udogo huu ni wa idadi, wa thamani, wa cheo au wa tabia? Na je, ni mdogo kwa nani? Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Jambo lililo dogo kwa anayeliandika huenda likawa kubwa mno kwa anayelibeba.