Dar es Salaam hadi Ngagara: kilomita ngapi, siku ngapi?

Kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi Ngagara, kaskazini mwa jiji la Bujumbura, ni karibu kilomita 1,600 kwa barabara ya Ukanda wa Kati. Wafanyabiashara wengi hugawanya kilomita hizo kwa mwendo wa gari, kisha wanamwahidi mteja siku ya kupokea mzigo. Hesabu hiyo huwaponza.

Vipande vya njia (makadirio)

Dar es Salaam – Morogoro – Dodoma: km 450
Dodoma – Singida: km 240
Singida – Nzega – Kahama: km 340
Kahama – Nyakanazi – Kabanga (mpakani): km 320
Kobero – Muyinga – Ngozi – Kayanza – Ngagara: km 230

Muda wa safari

Nchini Tanzania lori halitakiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na 50 kwenye makazi. Ukichukua wastani wa kilomita 50, safari nzima ni saa 32 za usukani. Dereva akiendesha saa 10 kwa siku, hizo ni siku tatu na zaidi kidogo, kabla ya kuhesabu foleni hata moja.

Ongeza mizani. Lori la transiti hupimwa njiani, ikiwemo Vigwaza, Njuki na Nyakahura. Uzito wa juu unaoruhusiwa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki ni tani 56, gari na mzigo pamoja, na kila ekseli ina kikomo chake. Mzigo uliopangwa vibaya unaweza kulaza gari mizani hata kama jumla haijazidi.

Ongeza mpaka. Kabanga na Kobero ni kituo cha pamoja, kwa hiyo gari husimama mara moja badala ya mbili. Lakini karatasi zikikosewa tangu bandarini, kituo cha pamoja hakisaidii. Hakikisha tamko la forodha la Burundi (OBR) na bima ya Kadi ya Njano viko sawa kabla gari halijaondoka Dar es Salaam.

Kipande cha mwisho

Ukivuka mpaka, unahamia upande wa kulia wa barabara na kurudisha saa nyuma kwa saa moja. Kipande hiki ni kifupi lakini ni cha milima. Kutoka Bugarama, penye zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, barabara inashuka kwa kona kali hadi Bujumbura, chini ya mita 800. Breki zikaguliwe kabla ya kushuka, na usiku si wakati wake.

Mafuta nayo yapigiwe hesabu. Burundi ilipata uhaba mkubwa kati ya 2022 na 2025, na magari yaliyovuka na tangi nusu yalikwama. Ni salama kujaza upande wa Tanzania mafuta ya kwenda na kurudi hadi mpakani.

Kwa ufupi

Mwenye duka Ngagara apange siku tano tangu gari kutoka getini bandarini, na zaidi wakati wa mvua. Mwenye vitunguu au samaki asiahidi chini ya hapo. Gari likiwahi, ni heri. Likichelewa, hasara ni ya aliyeahidi.