Soko la Keroka na Mpaka Wake

Neno soko lina asili ya Kiarabu na lilipitia pwani kabla ya kufika bara. Biashara yenyewe haikulisubiri. Kabla ya ukoloni, Abagusii, wenyeji wa eneo la Keroka, walikuwa wakiwauzia Wajaluo majembe ya chuma na nafaka, wakapewa mifugo. Mwaka wa njaa ng'ombe walishuka thamani na wimbi likapanda.

Waingereza waliivamia nchi ya Gusii mwaka 1905, kisha tena 1908. Kodi ya nyumba ilidai fedha taslimu, na mwenye wimbi tu akalazimika kutafuta mnunuzi.

Mji wa Keroka umekaa pazuri kwa biashara kama hiyo: kando ya barabara ya Kisii kwenda Sotik, karibu na Wakipsigis. Ndizi, mboga na mifugo hukutana hapo.

Mwaka 1989 wilaya ya Nyamira ilikatwa kutoka Kisii, na mji ukajikuta mpakani. Mpaka huo haukuuma sana hadi 2013, serikali za kaunti zilipoanza kazi. Ushuru wa soko ni mapato ya kaunti, basi Kisii na Nyamira zikaanza kuvutana: nani amkatie mchuuzi risiti? Mama wa ndizi, bila shaka, angependa alipe mara moja tu.