LLC ya Wyoming

LLC ya Wyoming ni kampuni yenye dhima ya kikomo inayosajiliwa chini ya sheria za jimbo la Wyoming, Marekani. Wyoming ndiyo iliyopitisha sheria ya kwanza ya LLC nchini humo, mwaka 1977. Muundo huo ulienea baada ya mamlaka ya kodi ya shirikisho kukubali, mwaka 1988, kuitoza LLC kodi kama ubia. Mmiliki si lazima awe raia wala mkazi wa Marekani, ila lazima kampuni iwe na wakala mwenye anwani halisi jimboni.

Kwa asiye mkazi, mshindani mkuu wa Wyoming ni jimbo la Delaware, ambako migogoro ya kampuni huamuliwa na Mahakama ya Chancery, na majaji pekee, pasipo jopo la raia waamuzi. Delaware hutoza LLC dola 300 kwa mwaka. Ada ya mwaka ya Wyoming huanzia dola 60. Tofauti hiyo hutangazwa kupita uzito wake, kwani jimbo halibadilishi wajibu wa shirikisho. LLC ya mgeni mmoja huwasilisha Fomu 5472 kuhusu miamala yake na mmiliki, hata mtaji anaouweka. Faini ya kutoiwasilisha ni dola 25,000. LLC ikifanyia biashara California, hujisajili huko pia.