Jedwali la Uzito la William Banting

Mwaka 1863 William Banting, mtayarishaji wa mazishi aliyeheshimika jijini London, alichapisha kwa gharama zake kijitabu kuhusu unene na kukigawa bure, akieleza namna alivyopunguza mwili baada ya kupiga makasia, tendo lililomzidishia hamu ya kula, na kuoga bafu za mvuke bila mafanikio ya maana. Aliyemsaidia alikuwa William Harvey, daktari wa masikio aliyemwendea kwa ajili ya uziwi, naye akamkataza mkate, siagi, maziwa, sukari, bia na viazi, huku akimruhusu nyama, samaki na hata divai, ruhusa ambayo leo isingepita bila kupingwa.

Hata hivyo, thamani kubwa ya kijitabu hicho imo katika jedwali lake la uzito, kwa kuwa linaonyesha kwamba mzee huyo, aliyeanza Agosti 1862 akiwa na ratili 202 (takriban kilo 92), alipungua ratili mbili hadi nne tu katika kila kipindi cha wiki tatu hivi, hata baada ya mwaka mmoja akawa amepoteza ratili 46, yaani karibu kilo 21. Madaktari wengi walimshambulia kwa kukosa elimu ya tiba, lakini matoleo mapya yaliendelea kuchapishwa.